Naomba ushauri: nimpeleke mama Igoma?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mei 1996 nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Bukoba. Nikicheza na mdogo wangu niliangusha chemli, kioo kikapasuka. Nikajua leo nachapwa. Baba akasema tu, "Kesho naenda Mwanza, nitaleta kingine." Jioni ya tarehe 20 tukamsindikiza bandarini, mama kamfungia senene wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Asubuhi yake MV Bukoba ikazama, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Mwili wa baba hatukuupata.

Mama sasa ana miaka 74 na presha. Tangu siku ile hajakanyaga Mwanza. Juzi akaniambia anataka kufika Igoma, kulekule Mwanza, kwenye makaburi ya wahanga wa meli waliozikwa pamoja, apate kusali. Kaka amekataa katakata, anahofia afya yake. Mimi naona kumnyima ni kumwonea.

Kuna aliyempeleka mzazi pale? Mlimwandaaje?

Na jambo jingine. Najua baba alikuwa na safari zake za biashara, lakini kile kioo hakijanitoka moyoni. Nimwambie mama, au nitamwongezea uchungu?