Tupeane uzoefu: mlio na hisa za ile kampuni ya teknolojia, mnalala usingizi?

Mwana wa Langoni: Assalamu alaykum jamaa. Jana napita Mkunguni nikamkuta mzee mmoja barazani ameshika ripoti ya mwaka ya kampuni yetu, karatasi zinang'aa kama sahani za harusi. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwenyekiti hapa pichani anacheka. Anamcheka nani?" Nikakosa jibu, maana nami ninazo 2,000. Jina silitaji, wenye nazo wanaijua. Semeni yaliyowafika.

Bi Shela: Umenitonesha kidonda. Mimi nilinunua kwa pesa za mashua ya marehemu mume wangu. Hisa moja shilingi 18. Leo haifiki 3, na mgao wa faida sijauona hata wa kununulia sukari.

Sasa sikilizeni mkutano mkuu wa mwaka jana. Tangu 2020, Mahakama Kuu iliporuhusu mikutano ya mtandaoni kwa ajili ya korona, hawa wetu hawajarudi ukumbini. Nikatumiwa namba ya siri kwa simu. Mtandao chini hakuna, nikapanda darini na mjukuu wangu, jua la saa tano, kanga kichwani. Swali langu nilikuwa nimelituma siku tatu kabla, kama walivyotaka: thamani ya kampuni mnaandika inapanda, bei sokoni inashuka, malipo ya wakurugenzi yanapanda, je, katika hayo matatu tushike lipi? Mwenyekiti akasoma maswali mawili. La kwanza, mtu anaipongeza bodi. La pili, mtu anauliza kama mwaka huu kuna zawadi ya kofia na mwavuli. La kofia akalijibu dakika nzima! Halafu, "Maswali yaliyobaki yatajibiwa kwa maandishi." Kura ikafunguliwa, mjukuu anabonyeza, kinazunguka tu. Adhuhuri ikaadhiniwa, mtandao ukakatika. Uliporudi, kioo kimeandikwa mkutano umekwisha, na malipo ya bodi yamepita. Nilishuka ngazi magoti yanatetemeka, si kwa uzee. Maandishi nayangoja mpaka leo.

Mpeketoni Juu: Hata mie, neno kwa neno. Ila mie nilikuwa juu ya mwembe.

Wa Mkomani: Pesa hiyo ungenunua punda. Punda akikupiga teke, angalau unajua teke limetoka wapi.

Mzee wa Matondoni: Mimi niliuza zangu zote mwaka yana, hasara ni hasara. Alotoka majini haulizi mai yalikuwa ya moto au ya baridi. Uzeni yeo.

Kijana wa Watamu: Mzee wangu, usiuze bei ya kutupa! Ndiyo wanavyotaka, wazinunue wao.

Maalim K: Niliwaambia. Hisa ni kamari yenye suti.

Nahodha mstaafu: Maalim, kwa heshima zote, hisa ni ushirika. Mashua ina fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mabaharia. Hilo nalo ni kamari?

Maalim K: Ushirika wa mashua, nahodha hurudi pwani mkamwona na samaki wake. Wako huyo amerudi lini?

Nahodha mstaafu: Hapo umenishika. Lakini kamari si.

Hesabu za Malindi: Kosa letu lilianza 2008. Hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5, waliozishikilia wakacheka, nasi tukadhani kila kampuni yenye kompyuta ukutani ni hiyo. Hii yetu haiuzi chochote, inanunua vipande vya kampuni changa za watu. Kampuni changa haina bei ya sokoni, kwa hiyo thamani inayoandikwa vitabuni ni makadirio. Na soma kurasa za nyuma, zile zisizo na picha: ada ya wasimamizi ni asilimia ya thamani hiyo ya vitabuni, si ya bei ya sokoni. Makadirio yakipanda, ada inapanda, hata kama wewe hisa zako zinazama. Nani basi ana haraka ya kuyashusha? Na kura ni hisa, si vichwa. Sisi wote hapa tukijumlishwa hatufikii kidole cha mwenye nyingi.

Mwana wa Langoni: Kumbe zile kurasa za nyuma ndizo ripoti. Asante kaka.

Mtoto wa Marehemu: Mimi yangu si ya mkutano. Baba alipofariki tulifungua kasha lake tukakuta taarifa ya akaunti ya hisa, akaunti ya CDS. Majina mawili, akaunti ya pamoja. La kwanza baba. La pili mwanamke tusiyemjua, anwani Malindi. Mama alikuwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka.

Bi Shela: Yallah!

Wa Mkomani: Hisa basi. Endelea hapo hapo.

Mpeketoni Juu: Mama alisema nini?

Mtoto wa Marehemu: Hakusema. Aliikunja ile karatasi mara nne.

Barani Original: Kila mke wa siri mnamtupia Malindi. Lamu hamna wanawake?

Wa Mkomani: Wapo, ila mji mdogo, habari hufika nyumbani kabla ya mume.

Mwana wa Langoni: Jamani, mada ni hisa!

Hesabu za Malindi: Ndugu, pole na msiba. Nendeni kwa Kadhi mapema kwa mirathi. Na kama baba alikuwa na hisa nyingine, ulizeni UFAA, mamlaka ya serikali ya fedha zisizodaiwa na wenyewe, mgao usiochukuliwa miaka 3 hupelekwa huko.

Maalim K: Na huyo mama ana fungu lake kama ndoa ilikuwepo. Msimdhulumu.

Mtoto wa Marehemu: Nilimwendea. Boti mpaka Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, msafara wa polisi, nafika Malindi nimepanga maneno makali. Akanifungulia mlango mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Ndoa ipo, cheti anacho. Mezani ana ripoti za mwaka tangu kampuni ianze, amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Enzi za ukumbini alikuwa akienda mpaka Nairobi kwa basi, na mwaka mmoja alimsimamisha mwenyekiti kwa swali la mkopo waliopeana wenyewe kwa wenyewe, mpaka wakamzimia kipaza sauti. Barua zake kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zina nakala zote, na mihuri ya kupokelewa. Chai akanipa. Maneno yangu makali nikarudi nayo.

Bi Shela: Huyo ndiye tunayemtaka sisi.

Nahodha mstaafu: Sheria inaruhusu umpe mtu akuwakilishe na akupigie kura. Tatizo si sheria, ni kwamba kila mtu hutupa fomu.

Hesabu za Malindi: Zifike saa 48 kabla ya mkutano. Hatutashinda, nimeshasema kura ni hisa. Lakini kura za kupinga huandikwa.

Mzee wa Matondoni: Mimi nishauza. Naweza kuya kusikiliza tu?

Mwana wa Langoni: Mkutano ni mwezi ujao. Mtoto wa marehemu, muulize mama yako mdogo kama atakubali. Zangu 2,000 aandike.

Mtoto wa Marehemu: Nitamuuliza. Ila mama yangu mimi asilione jukwaa hili.

Bi Shela: Mwanangu, mama yako tumeketi naye hapa darini.

Mpeketoni Juu: 😳 Anasemaje?

Bi Shela: Anauliza fomu inajazwa wapi.