Mjadala: Safari ya Mirihi, tuikabidhi mimea roho za watu?

Mtoa mada (Ipuli, Tabora): Wadau, habari za jioni. Kwenda Mirihi na kurudi ni karibu miaka mitatu. Wasafiri walime bustani chomboni iwape chakula na hewa, au wategemee mashine na vyakula vikavu? Mimi ni wa mashine. Kituo cha anga cha kimataifa kinapata oksijeni kwa kupitisha umeme kwenye maji; kifaa kikifa, unafunga kingine. Kumbukeni Biosphere 2 kule Arizona, 1991: watu 8 walifungiwa na mashamba yao ndani ya jengo la vioo. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 21 hadi 14 na ushee, ikabidi waongezewe ya nje. Vijidudu vya kwenye mboji viliimaliza, na hewa ya ukaa waliyotoa ikanywewa na zege. Zege! Nani angeiwazia?

Mchangiaji (Ujiji): Kaka, kesi ya udongo usiwabambikie mimea. BIOS-3, jengo la majaribio lililofungwa kule Krasnoyarsk, Siberia, 1972 hadi 1973, haikuwa na mashamba ya mboji. Kwa siku 180 watu walivuta hewa iliyosafishwa na ngano, mboga na mwani.

Mtoa mada: Na nyama kavu waliingia nayo, dada. Halafu kumlisha mtu mmoja kwa mimea tupu kunataka kama mita 50 za mraba, chini ya taa kali. Umeme huo wa nani? Huku tuna michembe: viazi vinakatwa, vinaanikwa, vinakaa mpaka msimu mwingine.

Mchangiaji (Ujiji): Michembe itakaa, vitamini C haitakaa. Hata pakiti za wanaanga zinapoteza C na B1 zikikaa muda mrefu. Agosti 2015 walikula letusi waliyoipanda wenyewe huko huko juu. Sijasema bustani iwe mapafu yao.

Mchangiaji (Urambo): Mimi wa vitalu vya tumbaku nauliza umwagiliaji. Huko maji hayashuki chini, yanaung'ang'ania mzizi na kuunyima hewa. Miche ikizama hata siku chache tu, imekwisha.

Mtoa mada: Ndiyo hofu yangu. Dada wa Ujiji, nijibu hili moja: letusi zikinyauka mwezi wa 14, watu wanakufa au wanakosa kachumbari? Kama ni kachumbari tu, nimehamia kwako.