Insulini na baridi ya Makete: sukari ilipanda, sasa inashuka kwenye mchakamchaka

Matroni_Makete
Wakuu, habari za majukumu. Nalea bweni la wasichana huku Makete. Kuna binti wa kidato cha pili mwenye kisukari aina ya 1, anachoma insulini ya mchanganyiko, 70/30 (asilimia 70 ya taratibu, 30 ya haraka), asubuhi na jioni. Baridi ilipoanza Juni sukari yake ya asubuhi ikawa 15 hadi 19 (mmol/L), na sindano hakosi. Kliniki ikamwongezea yuniti, kisha ikamwongezea tena. Wiki hii tumefungua chupa mpya, dozi ni ileile, sasa anatetemeka na kutoka jasho kwenye mchakamchaka. Leo kipimo kimesoma 3.1. Chupa hukaa kwenye friji ya ofisini, rafu ya juu, zimegusana na panapoganda barafu. Tatizo ni dozi, baridi au mazoezi? Tumzuie kukimbia?

Nesi_Mbeya
Dada matroni, pigeni simu kliniki leo hii, msingoje tarehe ya miadi. Kwa maelezo yako, chupa ya kwanza huenda iliganda. Insulini ikishaganda inaharibika, na hata ikiyeyuka nguvu yake hairudi. Dozi ikapandishwa kufidia dawa iliyokufa. Sasa imekuja dawa nzima kwa dozi kubwa, lazima sukari ianguke. Waelezeni habari ya friji ili daktari apange yuniti upya. Msikisie wenyewe, na msiache kumchoma: mwenye aina ya 1 akikosa insulini, ketoni (tindikali zinazotoka mwili ukichoma mafuta) hupanda ndani ya saa chache.

Ikisoma chini ya 4, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu glasi. Pimeni tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, apate uji au kipande cha mkate. Chokoleti na maziwa msianze navyo, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akipoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Kukimbia asizuiwe. Sindano ya jioni ile sehemu yake ya taratibu bado inafanya kazi alfajiri, na misuli nayo inavuta sukari, ndiyo maana anaangukia hapo. Apime kabla ya kutoka. Chini ya 5, ale ndizi moja ndogo kwanza. Juu ya 14, pimeni ketoni kwenye mkojo. Zikiwepo kwa wingi asikimbie, na kliniki ijulishwe. Sindano ya asubuhi achome akirudi, tumboni na siyo pajani, nusu saa kabla ya uji. Jikoni wakichelewesha uji, naye asubiri kuchoma. Hili mwambieni mpishi mwenyewe, kwa mdomo.

Mfamasia_Iringa
Naongezea kwenye utunzaji. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iwekeni rafu ya kati, ndani ya boksi lake, isiguse ukuta wa nyuma wala barafu, na kipimajoto kikae pembeni yake. Iliyofunguliwa haihitaji friji kwa hali ya hewa ya Makete: wiki nne chini ya nyuzi 25 inatosha, andikeni tarehe ya kufungua kwenye lebo. Usiku wa Juni na Julai isilale dirishani wala stoo yenye bati tupu. Ifungeni kwenye sweta, iwe ndani ya kabati.

Kabla ya kuvuta, viringisha chupa kati ya viganja mara 10 mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise, povu linaharibu kipimo. Ukiona vibonge, au utandu umeganda kwenye kioo, tupa. Ila iliyoganda inaweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo kipimajoto kikishuka chini ya 2 na mna shaka, tupeni tu. Na bomba liwe la U-100 (yuniti 100 kwa mililita), sawa na ilivyoandikwa kwenye chupa.

Stripu za kupimia sukari nazo zinaathiriwa na baridi. Vipima sukari vingi vinataka nyuzi 10 au zaidi, kwa hiyo mashine ipate joto ndani kwanza. Anawe kwa maji ya uvuguvugu: damu itatoka vizuri, na utamu wa tunda kidoleni hautadanganya kipimo.

Matroni_Makete
Asanteni sana, kliniki nimeshawapigia. Likizo anakwenda kwao Rujewa, joto kali na friji hakuna. Halafu anajificha chooni kuchoma, hataki wenzake waone.

Mlezi_Rujewa
Huku tumieni vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, umwagilieni asubuhi na jioni, mfunike kwa kitambaa kibichi. Viwekeni kivulini penye upepo. Hewa ya Mbarali, wilaya yetu, ni kavu, chungu kinapoa vizuri. Kyela kwenye unyevu kinasaidia kidogo. Chupa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kwenye basi abaki nayo mkononi, isikae kwenye dashibodi wala kwenye buti.

Hilo la chooni lisichukuliwe jambo dogo. Anayejificha mwishoni huanza kuruka sindano. Mpeni chumba chenye mlango, taa na meza, na asitangazwe mstarini. Mwache achague marafiki wawili wa kufundishwa dalili za sukari kushuka na mahali inapowekwa sukari ya kumpa. Kipimo kikisoma 17 msimuulize "umekula nini?" kama mtuhumiwa. Muulize anajisikiaje, kisha mtafute sababu pamoja: mafua, hedhi, mtihani, au kuchoma sehemu moja mpaka ngozi ikafanya uvimbe. Huo uvimbe mkague leo, dawa ikichomwa hapo inaingia kwa kusuasua.