Baiskeli ya mzigo mzito kutoka Arusha hadi Mbeya

Muulizaji:
Ndugu zangu, natarajia kusafiri kwa baiskeli kutoka Arusha hadi Mbeya kupitia Dodoma na Iringa, nikibeba hema, jiko, maji na vipuri, jumla kilo 30 hivi. Je, ninunue Phoenix mpya au baiskeli ya gia ya mtumba?

Jibu la kwanza:
Phoenix hubeba magunia ya mkaa kila siku, lakini ile ya kawaida haina gia, na ukifika mlima Nyang'oro utaisukuma kwa miguu. Tafuta ya mtumba yenye fremu ya chuma, kwa sababu chuma kikipasuka njiani fundi wa kuchomelea mageti ataweza kukiunga, ilhali alumini huhitaji mitambo na ujuzi ambao ni nadra vijijini.

Jibu la pili:
Naafiki, ila mimi ningeanza na magurudumu. La nyuma ndilo hubeba sehemu kubwa ya uzito, hivyo liwe na spoki 36 na tairi pana, karibu inchi 2. Pima pia umbali kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya nyuma, kwani ukiwa mfupi visigino vitagonga mifuko ya mizigo iliyo kando ya gurudumu la nyuma kila unapokanyaga (nililigundua hili nikiwa nimekwisha kulipa).

Muulizaji:
Ahsanteni. Na breki?

Jibu la pili:
Chagua za waya. Za mafuta hushika vizuri, lakini zikivuja porini koleo lako halitakusaidia.