Sauti za okestra kwa vipande vifupi vya ala: Discover, Virtual Playing Orchestra au MuseScore?

MaalimMkomani (Lamu)

Assalam alaykum ndugu zangu. Ninatunga vipande vifupi vya ala, vya dakika moja hadi mbili, ambavyo huwekwa kati ya sehemu za tenzi zinazosomwa na kurekodiwa hapa mjini. Havina mwimbaji, kwa hiyo hisia yote hubebwa na ala zenyewe, na mara nyingi ni sauti moja tu ya juu, fidla au obo, inayotembea polepole huku nyuzi nyingine zimetulia chini yake.

Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 8, nafasi ya diski ni ndogo, na bando la intaneti nalinunua kwa uchungu. Maktaba za sauti za ala zilizorekodiwa, zile za mamia ya gigabaiti, nimeziacha. Nimebaki na njia tatu zisizo na malipo: BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio, Virtual Playing Orchestra, na MuseScore 4, programu ya kuandikia nota, pamoja na sauti zake za Muse Sounds. Sitafuti yenye ala nyingi. Natafuta ile itakayoniwezesha kuikuza noti moja ndefu kutoka kwenye kimya hadi kwenye nguvu, kisha kuirudisha, bila msikilizaji kuhisi kwamba anasikiliza mashine. Aliyezitumia kwa kazi ya namna hii naomba anieleze tofauti zake.

FidlaNaUpinde (Malindi)

Wa alaykum salaam, Maalim. Umeuliza swali linalostahili kuulizwa kwanza, ilhali watu wengi huanza kwa kuhesabu ala. Mimi hupiga fidla katika kundi la taarabu na hutunga kwa kompyuta pia, na jambo ninalolipima kabla ya mengine yote ni hili: je, sauti inabadilika rangi inapokua, au inaongezeka ukubwa tu?

Fidla ya kweli ikipigwa taratibu, sauti yake huwa laini na yenye pumzi. Upinde ukikazwa, sauti haizidi ukubwa peke yake, bali huzidi pia kung'aa na kukwaruza. Ndiyo maana maktaba nzuri hurekodi kila noti mara kadhaa kwa viwango tofauti vya nguvu, kisha gurudumu la kinanda, yaani kidhibiti nambari 1 cha MIDI (lugha ambayo kinanda na kompyuta huwasiliana kwayo), hutumika kupita kutoka kiwango kimoja hadi kingine, kuanzia 0 hadi 127. Palipo na kiwango kimoja tu, gurudumu hupunguza ukubwa wa sauti na rangi hubaki ileile. Unachokisikia ni mtu anayepiga kwa nguvu akiwa mbali, si mtu anayepiga taratibu akiwa karibu nawe. Katika kipande chenye ala ishirini dosari hiyo hufichika. Katika kipande chako cha dakika moja chenye sauti moja ya juu, haina pa kujificha.

Kwa kipimo hicho, Discover ndiyo ninayoipendekeza. Upakuaji wake ni kama megabaiti 200, na RAM yako inaitosha bila wasiwasi. Ilirekodiwa kwa wanamuziki wa okestra ya BBC katika studio za Maida Vale, London, na ala zote zilikuwa katika chumba kimoja, kwa hiyo zinaketi pamoja bila kulazimishwa. Kidhibiti nambari 1 kinaongoza nguvu ya upigaji na nambari 11 kinaongoza ukubwa wa sauti, na kuvitenganisha hivyo viwili ni neema kubwa kwa mtu anayetaka noti ipumue. Upungufu wake usisahaulike: fidla zake ni za kundi zima, hakuna fidla ya mtu mmoja, hakuna muungano wa kweli wa noti kwa noti, na viwango vya nguvu ni vichache kuliko katika matoleo ya kulipia.

Virtual Playing Orchestra ni kazi ya kuheshimiwa, iliyokusanya sauti huru kutoka sehemu mbalimbali, zikiwamo Sonatina Symphonic Orchestra, VSCO 2 Community Edition na rekodi za Chuo Kikuu cha Iowa. Inakupa ala za mtu mmoja mmoja, jambo ambalo Discover hainalo kwa upande wa nyuzi. Lakini sehemu kubwa ya sauti hizo, hasa zile za Sonatina, zina kiwango kimoja cha nguvu. Tena hazikurekodiwa mahali pamoja. Rekodi za Iowa zilifanywa katika chumba kisicho na mwangwi kabisa, na nyingine zina mwangwi wa ukumbi, hivyo utalazimika kuzitafutia mwangwi mmoja wa kuzifunika zote.

KalamuYaNota (Malindi)

Maalim, mimi nipo upande wa MuseScore, na sababu yangu ni namna unavyofanya kazi kuliko sauti yenyewe. Ikiwa unaanza kwa kuandika nota, toleo la 4 lililotoka Desemba 2022 linazisoma alama zako kama mpigaji angezisoma. Ukiandika p (taratibu), kisha alama ya kukua inayofika f (kwa nguvu) baada ya vipimo viwili, nyuzi za Muse Sounds zinakua. Ukichora upinde wa kuunganisha juu ya noti nne, zinaungana. Fidla ya mtu mmoja ipo na ya kundi ipo. Huhitaji programu nyingine ya kuzibeba wala kinanda chenye gurudumu. Kwa vipande vifupi, hasa unapotaka kujaribu jioni moja iwapo obo inafaa kuliko klarineti katika mstari uleule, sijaona njia ya haraka kuliko hiyo. Tahadhari ni moja tu: sauti hizo hupakuliwa kwa makundi na jumla yake ni gigabaiti kadhaa, basi chukua nyuzi na ala za mbao peke yake, uache ngoma na shaba.

FidlaNaUpinde (Malindi)

Ndugu yangu Kalamu, sikatai kwamba inasoma vizuri. Shida yangu ni kwamba inasoma kwa tafsiri yake. Alama ya kukua inaniambia noti ianzie wapi na iishie wapi, haisemi kama ikue upesi mwanzoni kisha isite, au isubiri hadi pigo la mwisho ndipo ipande. Kusita huko ndiko kunakomfanya msikilizaji wa utenzi ashike pumzi. Katika MuseScore siwezi kuuchora mkunjo wa kidhibiti nambari 1 kwa mkono wangu. Katika Discover naweza. Na sauti za Muse Sounds hazitumiki nje ya MuseScore yenyewe, hivyo huwezi kuzihamishia katika programu ya kurekodia ukaendelea kuzilainisha huko.

UdiWaLangoni (Lamu)

Maalim, sote hapa tumezungumza kana kwamba muziki wako utakuwa wa Kizungu, nami nadhani sivyo. Tenzi zinazosomwa Lamu zina mahadhi yake, na mahadhi mengi yanakaa karibu na maqam, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama Bayati na Rast. Ukianza Bayati kwenye re, mi yake si ya kinanda. Iko kati ya mi na mi bemoli. Maktaba zote tatu zimepangwa tangu awali kwa nusutoni 12 zilizo sawa. Ukipiga Bayati kwa mi ya kawaida, mzee yeyote wa Langoni atakwambia kuna kitu kimekosekana, hata kama hatakitaja kwa jina.

Hapa ndipo Virtual Playing Orchestra inapoipita Discover, na nashangaa hakuna aliyelitaja jambo hili. Faili zake ni za SFZ, nazo ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kila rekodi ina mstari unaosema inajibu funguo zipi. Tuseme rekodi moja ya fidla inahudumia funguo 63 hadi 65, na kitovu chake ni 64, yaani mi. Unaugawa mstari huo kuwa mitatu, mmoja kwa kila ufunguo, wote ukiwaachia pitch_keycenter=64, kisha kwenye ule wa 64 pekee unaongeza tune=-50. Mi imeshuka robo toni na jirani zake hazikuguswa. Kama mstari ulikuwa na thamani ya tune tangu awali, ijumlishe, usiifute. Fanya hivyo kwa 64, 76 na 88, uhifadhi faili kwa jina jipya, na umepata fidla ya Bayati kwenye re. Kichezeshi cha sforzando hakilipiwi na kinafungua faili hizo bila kuhitaji programu nyingine.

Katika Discover utalazimika kutumia kipindisha sauti (pitch bend), na hakikisha kwanza kama inakiitikia. Kitovu chake ni 8192, na endapo upana wake umewekwa kwenye nusutoni mbili, robo toni kwenda chini ni 6144. Hata ikiwezekana, kila kitu kilicho kwenye chaneli hiyo kinapinda pamoja, kwa hiyo huwezi kupinda moja kati ya noti mbili za wakati mmoja, na lazima ukumbuke kukirudisha katikati kila mara.

KusiNaKaskazi (Malindi)

Nyongeza fupi. Discover haifunguki peke yake, inahitaji programu ya kurekodia ya kuibeba. Reaper inakupa siku 60 za majaribio, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Kompyuta ikianza kulemewa, zigandishe njia za ala ambazo umeshazimaliza, yaani zigeuze kuwa sauti iliyorekodiwa, RAM itafunguka. Habari ya matoleo ya kulipia iache kwa sasa. Ukiinunua Core, mojawapo ya matoleo hayo, siku moja, mpangilio uliotengeneza kwa Discover utafunguka humo, hivyo hupotezi kazi.

MaalimMkomani (Lamu)

Shukran sana, nyote. Maneno ya ndugu wa Langoni yamenigusa hasa, kwa kuwa mahadhi ninayoyatungia ni hayohayo aliyoyataja, nami nilikuwa nikiyakwepa kwa kuchagua noti zisizo na robo toni. Sitaki tena kuyakwepa. Lakini nikiitazama orodha, ile yenye rangi nzuri haina robo toni kwa urahisi, na ile yenye robo toni haina rangi. Je, zinaweza kuchanganywa katika kipande kimoja bila kusikika kama vyumba viwili?

FidlaNaUpinde (Malindi)

Zinaweza, Maalim, na kwako kuna njia iliyo bora zaidi. Zipe nyuzi za Discover noti ambazo maqam na kinanda vinakubaliana. Kwa Bayati ya re, hizo ni pamoja na re, fa, sol na la. Ziwe ndefu, zitulie chini. Mi iache kwa sauti ya juu peke yake, na sauti hiyo ya juu ipigwe na fidla ya kweli. Lamu haikosi mpiga fidla wa taarabu, naye ataiweka mi mahali pake bila kuambiwa, tena ataiweka juu kidogo inapopanda na chini kidogo inaposhuka, jambo ambalo tune=-50 haitalifanya kamwe. Fidla moja hai juu ya kundi la sampuli huwafanya wote wasikike kama watu.

Mrekodi katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, feni imezimwa, usiku baada ya isha watu na punda wakishatulia. Maikrofoni ikae karibu, kama urefu wa mkono, ikielekea kwenye daraja la nyuzi kutoka juu. Rekodi itatoka kavu. Iongezee mwangwi mfupi wa chumba mpaka ukifumba macho uisikie imesimama hatua chache mbele ya nyuzi za Discover, usiizamishe ilingane nazo. Usiku ambao mpiga fidla hayupo, faili ya SFZ ya ndugu yetu itashika nafasi yake wakati unatunga.

Kwa nyuzi za chini, usiache noti hata moja bila mkunjo. Noti ya vipimo vinne ianze kidhibiti nambari 1 kwenye 20 hivi, ipande taratibu hadi 70 katika kipimo cha tatu, isite hapo, kisha ishuke ikipita 20 kabla haijakatika. Pale ambapo wapigaji wangegeuza upinde, zipishanishe noti mbili kidogo na ushushe kidhibiti nambari 11 kwa muda mfupi. Hiyo inaziba pengo la muungano usiokuwapo. Na kwa sababu nyuzi laini huchelewa kuamka, zisogeze zianze mapema kwa milisekunde 50 hadi 100 ukilinganisha na mwendo, la sivyo fidla hai itaonekana inaharakisha.

UdiWaLangoni (Lamu)

Nakubaliana na hayo yote. Maalim, nitumie nota za kipande chako cha kwanza ukitaja maqam na noti kinapoanzia. Nitakutengenezea faili ya fidla moja na ya selo moja zenye robo toni mahali panapohitajika, ili ukipata mpiga fidla wako aje akukute umeshajua kila sentensi ya muziki inaelekea wapi.