Naomba ushauri: miche yangu imegoma kwenye Kaplan-Meier na Jumatatu nakabidhi risechi

Kijana wa Kitangari: Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko mwaka wa mwisho takwimu, chuo kipo Dar ila sasa niko nyumbani Newala. Risechi yangu ni savaivo analisisi, miche ya mikorosho shambani kwa mjomba inakaa muda gani kabla ukame haujaiua, yenye matandazo na isiyo nayo. Nimepiga Kaplan-Meier (mstari unaoonyesha sehemu ya miche iliyo hai wiki hadi wiki) na modeli ya Cox (inalinganisha kasi ya kufa kati ya makundi) kwenye R, programu ya takwimu, makundi yote yanatoka karibu sawa wakati kwa macho yangu yenye matandazo inastahimili. Nibadili topiki? Silali.

Mzee wa Salfa: Marahaba. Mche unataka shimo lichimbwe mapema. Mimi 2018 serikali iliponunua korosho 3,300 kwa kilo, hela ile ndiyo ilimlipia binti yangu ada, leo nesi Masasi. Usikate tamaa.

Bi Mikindani: Mwanangu unasali lakini? Mnakesha na laptopu mnamsahau Mungu.

Topito Lindi: ungesoma ualimu saa hizi umelala 😂

Likonde: Dogo, mstari wa Kaplan-Meier unaishia wapi?

Kijana wa Kitangari: Unashuka mpaka sifuri kaka, makundi yote.

Likonde: Kwa hiyo kwa mjomba hakuna hata mche mmoja hai?

Kijana wa Kitangari: Ipo 91 kati ya 240. Hiyo niliitoa, haina tarehe ya kufa sasa ningeandika nini? Supavaiza alisema data iwe safi. Halafu nimeshaprinti na kubandi kopi tatu, bumu lote limeishia hapo.

Likonde: Ndo ugonjwa wenyewe huo. Mche ulio hai siku ya mwisho umekwambia kitu, kwamba umefika wiki ile bila kufa. Hiyo ndiyo sensoringi, na Kaplan na Meier 1958 walitengeneza njia yao kwa ajili yake hasa, Cox 1972 naye vilevile. Weka wiki ya mwisho ulipouona, hai 0, uliokufa 1. Hai mingi ni ya matandazo, sivyo?

Kijana wa Kitangari: 63. Ila kubandi upya kaka... si niandike tu kwenye mapungufu ya utafiti?

Mnyambe: Hii chai. Uko Dar chuoni, halafu kila wiki unahesabu miche 240 Newala? Umepika hizo namba.

Mzee wa Salfa: Hata mimi najiuliza. Mbuzi je? Mtu wa shamba angeanza na mbuzi.

Kijana wa Kitangari: Sijapika jamani! Mdogo wangu wa fomu three anapita kila Jumamosi ananitumia picha wasapu. Wiki za mitihani yake hakwenda, nikaandika tarehe aliyoikuta imekufa. Mbuzi walikula 11, nimeiandika imekufa.

Likonde: Sasa unaongea. Ya mbuzi haikuuawa na ukame, ikatishe wiki hiyohiyo, 0. Ya wiki za mitihani andika Jumamosi mbili, ya mwisho ilipokuwa hai na ya kwanza ilipokutwa imekufa. Kwenye R, survfit (amri ya Kaplan-Meier) inaipokea hivyo, coxph (amri ya Cox) haipokei, kwa hiyo usishangae ikikataa.

Mnyambe: Tupia picha moja basi.

Kijana wa Kitangari: Hiyo hapo, kikaratasi kimeandikwa 117. Nairudisha ile 91 usiku huu. Kubandi kopi tatu Mtwara mjini bei gani?

Bi Mikindani: Mwanangu ana steshenari, Jumapili njoo na karatasi tu.