Mrejesho: mafunzo kwa vitendo ya saikolojia ya shule yenye malipo, Marekani

Wakuu, mwezi Januari niliuliza mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anapataje mafunzo kwa vitendo yanayolipwa katika wilaya ya shule za umma. Nafasi imepatikana. Asanteni sana.

Kilichosaidia ni ule ushauri wa kutosubiri matangazo, bali kumwandikia moja kwa moja mkuu wa elimu maalumu wa kila wilaya, maana mara nyingi nafasi hizi ziko chini ya idara hiyo. Kabla ya kusaini, angalia mkataba utaje saa 1,200, angalau 600 zikiwa shuleni, na usimamizi wa wastani wa saa 2 kwa wiki, kama viwango vya NASP, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule, vinavyotaka. Wangu haukutaja usimamizi. Chuo kikaurudisha, wiki 3 zikapotea.

Aliyesisitiza kibali cha CPT (ruhusa ya mwenye F-1 kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo yake), Mungu akubariki. CPT ya muda wote ikifika miezi 12 unapoteza OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, kwa kawaida baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo ya masomo. Mwaka wa shule ni kama miezi 10, kwa hiyo haki inabaki. Usianze hata siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye I-20, ile fomu ya mwanafunzi wa kigeni inayotolewa na chuo.

Kilichoshindikana ni bima ya afya. Ninacholipwa ni posho ya mafunzo, sihesabiwi mtumishi, na ombi la kuingizwa kwenye bima ya wilaya lilikataliwa. Nimebaki na ya chuo, nalipa mwenyewe. Anayeomba sasa aulize hilo kwenye usaili.